Nesi na Katuni, sehemu ya 6: Marehemu waliofichwa na TV ya Marekani

Leo hakuna presha wala sukari, leo ni katuni tu. Wiki iliyopita niligusia kwamba TV za Marekani zilivyokuwa zinaonesha anime miaka ile zilikuwa zinawadanganya watoto, na meseji zikamiminika. Kaka mmoja akaniuliza, "Nesi mzima, unataka watoto waone damu?" Nikaona huyu nimjibu kwa urefu. Vuta kiti, chukua chai.

Kwanza tuelewane. Damu sina shida nayo, kateni. Mtoto wa miaka saba hahitaji kuona utumbo ili aelewe kwamba vita ni vibaya. Na kuna mambo ambayo kuyazuia ni wajibu kabisa. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, sehemu moja ya Pokémon ilimulika taa nyekundu na bluu kwa kasi, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege. Sehemu ile haikuwahi kuoneshwa kwenye TV ya Marekani na mimi napiga makofi.

Ninachokisema ni kifo. Kukata damu ni jambo moja. Kubadilisha maneno ili aliyekufa aonekane hajafa ni jambo jingine kabisa.

Na msiniambie hayo ni mambo yao huko. Wengi wetu hatukuziona katuni hizi kwa Kijapani. Zilitufikia kwa Kiingereza cha Wamarekani, kwenye CD za kukopi na flashi, na uongo wao ukaja humo humo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1972 Wajapani walitengeneza Gatchaman, vijana watano wanapambana na kundi la kigaidi. Mwaka 1978 ikafika Marekani kwa jina la Battle of the Planets. Wakakata vurugu nyingi, halafu dakika zikapungua, sasa wafanyeje? Wakachora roboti wao wenyewe, 7-Zark-7, ambaye kwenye hadithi ya Kijapani hayupo kabisa. Kazi yake kupiga soga na kututoa wasiwasi. Mji umeteketea, yeye anakuja kutuambia wakazi walishahamishwa mapema. Majengo yote chini na majeruhi hakuna! Jamani, sisi wa mapokezi ya dharura si tungefunga milango tukalale?

Dragon Ball Z ilipoanza kule mwaka 1996 mambo yakawa yale yale. Mtu hafi, anapelekwa "dimensheni nyingine", utadhani kapata uhamisho wa kikazi. Nappa analipua ndege moja baada ya nyingine, halafu mhusika mmoja anasema ameona miavuli ya marubani, wako salama. Miavuli yenyewe sisi watazamaji hatuioni. Kuna mahali Goku anaanguka kuzimu akakutana na majitu mawili yenye fulana zilizoandikwa HELL. Wakafuta vistari viwili, ikasomeka HFIL, wakatunga na kirefu chake. Hapo nakiri nilicheka, maana ni ubunifu wa mwanafunzi anayebadilisha alama kwenye ripoti.

Yu-Gi-Oh ilifika 2001. Bastola zikafutwa, wakabaki wanaume wazima wenye suti wanamtisha mtu kwa kumnyooshea kidole. Na anayepaswa kufa anapelekwa Shadow Realm, huko roho inabaki gizani inateseka. Hivi kweli hilo ndilo la kumpunguzia mtoto hofu? Kufa kuna mwisho wa maumivu. Walichoweka badala yake ni maumivu yasiyo na mwisho, halafu wanaita ulinzi.

Lakini iliyoniudhi kuliko zote ni One Piece ya 2004. Wavutaji wa Sanji watanisamehe, ile sigara kugeuzwa pipi ya kijiti siipigii kelele, nimeshahudumia vifua vya kutosha. Hasira yangu ni Bellemere, mama mlezi wa Nami. Arlong na maharamia wake wanavamia kisiwa na kutoza kodi ya uhai: mtu mzima beri 100,000, mtoto 50,000. Bellemere ana pesa ya kujikomboa yeye tu, au watoto wake wawili. Angeweza kukana kwamba ana watoto, wakakimbia, akaishi. Hakukana. Akawalipia watoto, akapigwa risasi mbele yao.

Toleo la Marekani likasema amefungwa gerezani.

Sasa fikiria. Nami kwa miaka 8 anamtumikia muuaji wa mama yake ili akusanye pesa za kukinunua kijiji. Kama mama yuko gerezani, mbona hakuna anayekwenda kumtoa? Mbona hakuna anayeuliza anaendeleaje? Watoto si wajinga. Mtoto anahisi kabisa kwamba hapa kuna kitu watu wazima wananificha, na anajifunza kutouliza. Kuina, rafiki wa utotoni wa Zoro, naye alikufa kwa kuanguka kwenye ngazi. Wao wakasema aliumizwa asiweze kupigana tena. Yaani hata kuanguka kwenye ngazi, ajali ambayo wodini tunaipokea kila siku, eti ni kali mno kwa mtoto kuisikia.

Hapa ndipo unesi wangu unapoingia. Tukiwa darasani tulifundishwa kwamba ukimpa mtoto taarifa ya msiba, tumia neno lenyewe. Amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, harudi. Usiseme amelala, kwa sababu usiku utakapomwambia naye akalale, atakataa kufumba macho. Usiseme amesafiri, kwa sababu mtoto anayeambiwa hivyo anasubiri. Bodaboda ikisimama nje anakimbia mlangoni. Nimewaona watoto wa namna hii wakiletwa kliniki miezi baadaye, wanakojoa kitandani, tumbo linauma kila siku na vipimo havioni kitu. Ukikaa nao vizuri unagundua nyumba nzima inajua isipokuwa wao. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya heshima, ametutoka, amepumzika, ametangulia, na kwa watu wazima ni mazuri sana. Mtoto wa miaka mitano hayafungui.

Kwa hiyo ninapoona kampuni kubwa ya TV inatumia pesa na wachoraji kuwafundisha watoto kwamba waliolipuliwa wameruka na miavuli, sioni ulinzi pale. Naona shangazi anayesema mama amesafiri.

Na msidhani haikuwezekana kufanya vingine. Mwaka 1985 Marekani ilionesha Robotech, iliyoungwa kutoka katuni tatu tofauti za Kijapani. Nayo ilikatwa na kubadilishwa sana, wapenzi wa Macross wanailalamikia mpaka leo. Lakini sehemu ya 18 walimwacha Roy Fokker afe. Na alivyokufa! Anatoka vitani amejeruhiwa, anakwenda kwa mchumba wake Claudia, anakaa, anapiga gitaa, anasubiri chakula. Halafu anaanguka. Alikuwa anavuja damu muda wote ule.

Wenzangu wa dharura mnamjua mgonjwa huyu. Ni yule wa ajali ya pikipiki anayeshuka mwenyewe, anatania, anasema "nesi mimi niko poa, muangalie mwenzangu". Unashika mkono, wa baridi, jasho jembamba, mapigo yanakimbia. Huyo ndiye wa kukimbilia. Katuni ya watoto ya mwaka 1985 ilionesha hilo kwa usahihi kuliko filamu nyingi za wakubwa, na watoto wa Marekani waliitazama kwenye TV ya kawaida.

Mfano mwingine ni Gundam Wing mwaka 2000, Cartoon Network, kipindi cha Toonami. Mchana waliionesha iliyokatwa, Duo anayejiita Mungu wa Kifo akawa "Mharibifu Mkuu", neno "ua" likageuka "haribu". Usiku wa manane, kituo kile kile, wakaionesha nzima. Kwa hiyo ukweli walikuwa nao kabatini, walichagua tu saa ya kuutoa.

Kutoka hapo kifo kikahamishiwa zamu ya usiku. Adult Swim ilianza 2001 na Cowboy Bebop, na 2004 ikaja Fullmetal Alchemist. Humo kuna mazishi ya Maes Hughes, baba anayemsumbua kila mtu kwa picha za binti yake mdogo. Binti yupo makaburini. Anaona udongo unawekwa, anaanza kuuliza kwa nini wanamfukia baba, baba ana kazi nyingi, akifukiwa atazifanyaje? Mama yake hana jibu. Kila nesi aliyewahi kusimama karibu na familia siku kama ile anaijua sauti hiyo.

Mandhari iliyoandikwa kwa uelewa wa mtoto kiasi kile, Marekani waliionesha saa ambayo mtoto amelala.

Kaka aliyeniuliza, jibu langu ni hili: mkate damu, mpunguze kelele, na kama mtoto bado mdogo mnyime katuni yote, hilo ni haki yako kama mzazi. Ukishaamua kumuonesha, usimbadilishie marehemu. Kaa naye. Akikuuliza "amekufa?", sema ndiyo, amekufa. Atakuuliza maswali kumi na moja, mengine ya ajabu, kama marehemu anasikia njaa. Jibu. Akichoka ataomba biskuti na kuendelea kutazama, watoto ndivyo walivyo.

Wanaotaka kuanza: Hughes yuko sehemu ya 25 kwenye Fullmetal Alchemist ya 2003, na sehemu ya 10 kwenye Brotherhood. Mimi naipenda zaidi ile ya 2003 kwa sababu inatupa muda mrefu wa kumzoea kwanza, na mtakaobisha bisheni kwa adabu. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, maswali acheni hapo chini, nitajibu asubuhi nikitoka.