Ukurasa wa Jamaa: Kahawa Ingali Maua

 

Mwezi uliopita tuliomba maswali ya shamba, na barua moja ilitukalisha chini jioni mbili. Imetoka kwa baba mmoja anayekaa hapa Manibe na jamaa yake. Kwao ni upande wa Mahagi, kule Ituri. Ndugu yake mdogo alibaki na miti ya kahawa ya marehemu baba yao. Sasa mnunuzi amepita kule, anataka kulipa pesa mkononi leo, na kahawa yenyewe ingali maua. Huku mtoto wa baba huyu anadaiwa karo. Anauliza: "Nimwambie ndugu yangu akubali?"

Baba, hatutakuficha. Sisi wenyewe tuliwahi kuuza maua. Mwaka ule mzee wetu alikuwa mgonjwa, pesa ya dawa hakuna, na mnunuzi akaja na bahasha. Tulimwona kama malaika. Kumbe mavuno yalipofika, tulichuma sisi, watoto walichuma, mama alibeba kichwani mpaka kwa yule mtu, na tukarudi nyumbani mikono mitupu. Kila kilo ilikuwa yake tangu zamani. Mwaka uliofuata tulianza tena na deni. Ndugu zetu wa Kagera, Tanzania, wana jina kabisa la biashara hiyo, wanaiita butura. Jambo likipewa jina ujue limewachoma wengi.

Na hasara si ya bei peke yake. Ukishauza maua, nani atatia mbolea? Nani atakata matawi makavu? Mavuno si yako tena. Na mwenye kununua anataka gunia lijae haraka, kwa hiyo nyekundu na mbichi vyote vinavuliwa pamoja. Ladha inakufa hapo hapo mtini.

Basi watu wengine wanafanyaje? Tuwaeleze habari ya Mbale, kule mashariki ya Uganda, chini ya mlima Elgon. Kule wanalima arabika kama ya Mahagi, na kama ile ya Paidha na nyanda za Okoro. (Hapa kwetu Manibe ni chini mno kwa arabika nzuri, msijaribu.)

Kule Mbale kuna Wayahudi Waafrika, Abayudaya, walioanza dini hiyo mwaka 1919 na mkuu wao Semei Kakungulu. Majirani zao ni Waislamu na Wakristo. Wakati wa Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa huku kwetu Koboko, dini yao ilikatazwa, kwa hiyo wanajua maana ya kujificha. Mmoja wao, J.J. Keki, mkulima na mwimbaji, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku ile majengo mawili marefu yalipoangushwa. Aliona kwa macho yake watu wanavyouana kwa jina la dini. Akarudi kwao, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alisema nini? Hakuhubiri sana. Alisema: sisi sote tuna kahawa.

Mwaka 2004 wakaunda ushirika, jina lake Mirembe Kawomera, kwa Luganda maana yake amani tamu. Wayahudi, Waislamu na Wakristo, wote ndani.

Kumbukeni hali ya siku zile. Mwaka 2001 bei ya arabika duniani ilianguka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na ratili haifiki hata nusu kilo. Watu walikuwa wanang'oa miti. Mama mmoja Mmarekani, rafiki wa Abayudaya, akatafuta mnunuzi kwa simu, kampuni moja baada ya nyingine, mpaka akapata moja iliyomsikiliza. Ilikuwa kampuni ya jamaa, Thanksgiving Coffee, katika mji mdogo wa Fort Bragg, California, kando ya bahari. Bwana Paul Katzeff na mke wake Joan waliianzisha mwaka 1972. Wanakaanga kahawa na kuiuza. Hao wakasema, tutanunua, na kwenye pakiti tutaandika imetoka kwa nani.

Walinunua kwa kanuni za biashara ya haki. Bei ya chini kabisa wakati ule ilikuwa dola 1 na senti 26 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, hata soko lianguke namna gani. Na katika kanuni hizo kuna jambo moja ambalo baba wa barua asikie vizuri: ushirika ukiomba, mnunuzi anasaidia kupata pesa ya mapema, mpaka asilimia 60 ya thamani ya mkataba.

Pesa ya mapema! Kwa hiyo mkulima wa Mbale naye anaweza kupokea pesa kabla ya kuuza. Tofauti iko wapi? Yule wa maua anakupa pesa na anachukua mavuno pamoja na bei. Huyu wa mkataba anakupa pesa, bei imekwisha kuandikwa, na kilo zikipimwa unadai kinachobaki. La kwanza ni kuuza, la pili ni kukopa.

Lakini mkulima mmoja hapati mkataba wa namna hiyo. Tupige hesabu. Kontena moja la meli linabeba magunia kama 320 ya kilo 60. Kilo 1 ya kahawa safi inataka kilo 5 hadi 7 za matunda mekundu. Tuseme kila jamaa inatoa gunia 1 tu la kahawa safi. Hapo zinatakiwa jamaa 320 kwa kontena moja. Abayudaya peke yao wangetoa wapi? Hata kama Keki angekuwa hapendi majirani zake, gunia lingemlazimisha awapende kidogo.

Na kazi inataka mikono inayoaminiana. Unachuma nyekundu tu, unapita mti mmoja mara nyingi. Siku hiyo hiyo unamenya, unaacha ichachuke, unaosha, unaanika juu ya kichanja na si chini kwenye udongo, unafunika mvua ikitisha, mpaka unyevu ubaki asilimia 11 au 12. Mmoja akichanganya mbichi, kikombe cha wote kinaharibika. Tena tuseme ukweli, ushirika mwingi hauuawi na mnunuzi. Unauawa na sisi wenyewe: bei ikipanda barabarani, mwanachama anauza usiku kwa anayepita na pikipiki, na mkataba unabaki bila kahawa.

Bei nayo inapanda kweli. Mwezi wa pili 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili, haijawahi kuonekana. Ndiyo sababu watu wa bahasha wanakimbilia maua. Hawatoi sadaka.

Sasa baba, jibu letu. Mwambie ndugu yako asiuze maua yote. Kwanza aulize kama karibu naye kuna ushirika wenye mnunuzi na mkataba, na kama unakopesha wanachama. Wewe huku, kabla ya kugusa miti ya mzee, nenda kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, na uende kwa mwalimu mkuu uombe kulipa kwa mafungu. Wengi wanakubali mzazi akija mwenyewe mapema. Wakimfukuza mtoto kwanza ndipo mazungumzo yanakuwa magumu. Mbuzi akiwepo, auzwe mbuzi. Atazaliwa mwingine, lakini mti wa kahawa unangojewa miaka 3 au 4. Na ikishindikana kabisa, ndugu yako ahesabu miti, aitoe michache tu, waandike karatasi mbele ya mashahidi wawili: miti mingapi, pesa ngapi, mavuno ya mwaka gani. Mnunuzi anayekataa karatasi, amwache aende.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliposikia haya alicheka. Anasema wenyeji wengi wa hapa Arua walikimbilia kwetu Zaire baada ya mwaka 1979, wakalima mashamba yetu, na waliporudi walikuta miti yao ya nyumbani imegeuka msitu. Akasema, heri ndugu yako yuko pale anaitazama.

Baba, ukipata habari kutoka Mahagi tuletee. Wengine wenye kahawa kwao, au waliowahi kuchuma kule Paidha, andikeni pia, kwa Kiswahili chochote mnachojua. Mwezi ujao tutajibu swali la mihogo inayooza ardhini.