Kompyuta Haijui Kudarizi

Mteja anayepeleka mashuka yake kudariziwa Singida mjini, Kiomboi au Manyoni, akitajiwa bei ya kazi ya mashine ya kompyuta, huwa na swali tayari mdomoni: kwani si mashine ndiyo inayofanya? Swali hilo limebeba imani nzima, na imani yenyewe imeenea kuliko mashine. Inasema kwamba ukishakuwa na kompyuta, programu na flashi iliyojaa maua, kazi ya kupamba kitambaa imekwisha. Aliyebaki ni mtu wa kubonyeza kitufe na kubadilisha uzi. Wapo wanaoisema kwa furaha, maana wanatarajia bei ishuke. Wapo wanaoisema kwa dharau, hasa waliokulia katika nyumba zenye vitambaa vya makochi vilivyotariziwa kwa mkono, ambao kwao kazi ya kompyuta si kazi ya mtu. Makundi haya hubishana bila kugundua kwamba yanakubaliana: yote mawili yanaamini kuwa kompyuta inadarizi. Haidarizi. Na hasara ya kuamini hivyo wanaibeba mafundi, wateja, na vikundi vinavyokopa fedha kununua mashine.

Tuanze na kile ambacho mashine inapokea. Faili la kudarizi, kwa mfano lile la muundo wa DST lililotokana na mashine za Tajima za Japani na linalosomwa na mashine nyingi za biashara, halina ua ndani yake. Lina amri tu: sogea kulia kiasi hiki, sogea mbele kiasi hiki, choma, sogea, choma, simama, badilisha rangi. Hatua yake ndogo kabisa ni sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa amri moja fremu haisogei zaidi ya milimita 12.1 kwa upande. Mashine haijui kama inashona alizeti au nembo ya shule. Haijui kama chini ya sindano kuna pamba nzito ya shuka au tetroni nyepesi ya sare. Mtu ndiye anayeamua mistari ya uzi ikae mbali kiasi gani, na kwa kawaida huanzia karibu na milimita 0.4 kisha akapanua au kubana kufuatana na kitambaa. Yeye ndiye anayeamua mishono ya chini ipite wapi ili ile ya juu isizame. Tena uzi ukikazwa huvuta kitambaa kuelekea upande unaoshonwa, kwa hiyo duara lililo kamili kwenye skrini hutoka limebonyea. Mjuzi hulichora likiwa limepanuka kidogo upande huo, yaani hulikosea makusudi, ili litoke sawa. Asiyejua hulichora sawa, likatoka limekosewa, kisha lawama zikaangukia mashine.

Hayo ni ya ndani ya ua moja. Kazi iliyo ngumu zaidi, na isiyoonekana kabisa kwa mteja, ni kuliweka ua hilo mahali pake. Chukua shuka la futi 7 kwa 8 linalotandikwa kwenye kitanda cha futi 6 kwa 6. Ni inchi 84 kwa 96, na godoro ni inchi 72 kila upande, kwa hiyo kushoto na kulia zinaning'inia inchi 6. Mteja anataka pindo la alizeti pande zote nne. Upana wa pindo unajichagua wenyewe: inchi 6, ili ua lisivunjike mgongo kwenye ukingo wa godoro. Weka kipande cha kona cha inchi 6 kwa 6 katika kila pembe. Upande mfupi unabaki na inchi 72, upande mrefu inchi 84. Sasa chagua kwenye flashi kipande cha pindo chenye urefu wa inchi 9. Upande mfupi vinaingia 8 barabara. Upande mrefu vinaingia 9 na inchi 3 zinabaki. Programu haitalalamika. Itakuuliza kama uache pengo au urefu uvutwe; ukikubali uvutwe, itagawa zile inchi 3 kwa vipande vyote, na alizeti za upande mrefu zitakuwa nene kuliko za upande mfupi. Zinapokutana kwenye kona, jicho linajua kuna jambo, hata kama mdomo hauwezi kulitaja. Anayefikiri kabla ya kubonyeza atatafuta kipande cha inchi 12: vipande 6 upande mfupi, 7 upande mrefu, hakuna kilichovutwa. Hesabu hiyo ni ya darasa la nne, lakini lazima awepo mtu wa kujua kwamba inahitajika.

Bado hatujashona. Fremu ya mashine ya kichwa kimoja haimezi shuka zima, kwa hiyo pindo hilo lenye vipande 26 na kona 4 litafungwa na kufunguliwa kwenye fremu mara 30. Kila mara kitambaa kinawekwa kwa mikono na kulinganishwa kwa macho, kwa rula, kwa alama ya chaki. Kompyuta inajua sindano ilipo. Haijui wewe umelaza kitambaa wapi. Ukikosea milimita 2 tu kila mara, na makosa yakaelekea upande mmoja, ukimaliza kuzunguka shuka umepotea kwa sentimita 6, yaani ua la mwisho halikutani na la kwanza. Na likitakiwa ua kubwa la katikati? Programu itakupa katikati ya kitambaa, kwa usahihi wa kustaajabisha. Lakini kitandani mito hufunika sehemu ya juu. Ikifunika inchi 20 za godoro, katikati ya kile kinachoonekana inakuwa imeshuka inchi 10 kuelekea miguuni. Mashuka mangapi yana ua lililojificha nusu chini ya mto, huku fundi akiapa kwamba kompyuta ilipima!

Nchi zilizotangulia katika kazi hii zimekwishapita hapa. Marekani, ambako kushona mifarishi ya viraka ni mapenzi ya watu wengi na biashara pia, mashine kubwa zinazoongozwa na kompyuta zimeenea, na programu zake zinaweza kurudia mchoro, kuugeuza, kuupindua na kuukunja ufuate umbo la kiraka. Pamoja na hayo yote, anayeendesha mashine hulazimika kupeleka sindano kwenye kona za kiraka chenyewe na kuiambia programu: kona iko hapa, nyingine hapa. Sababu ni kwamba kiraka kilichochorwa kuwa mraba wa inchi 12 huwa hakijabaki mraba baada ya kushonwa na kupigwa pasi. Programu hufanya kazi juu ya kitambaa kilicho kamili, ambacho duniani hakipo. Pengo kati ya kitambaa hicho cha kufikirika na hiki kilicho mezani hujazwa na mtu, na hakuna toleo jipya la programu lililomwondoa.

Kwa kweli historia nzima ya kompyuta inaunga mkono neno hili, maana kitambaa kilitangulia kutumia amri zilizotobolewa kabla ya mashine za hesabu. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zenye matundu. Wazo la kadi lilichukuliwa na Charles Babbage wa Uingereza katika mipango yake ya mashine ya kukokotoa, na matundu kwenye kadi ndiyo yaliyotumiwa na Herman Hollerith kuhesabu sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Aliyeutazama mtambo huo naye angeweza kusema umefuma wenyewe. Lakini mwaka 1839 ilipofumwa picha ya Jacquard kwa hariri, zilihitajika kadi zipatazo 24,000, na hakuna kadi iliyojitoboa. Mtu alikaa akaisoma picha, mstari kwa mstari, akaigeuza kuwa matundu. Huyo ndiye babu wa fundi wa leo anayeketi mbele ya skrini akigeuza nembo ya shule ya Ikungi au Mkalama kuwa mishono.

Wanaodharau nao wasifurahie mapema. Hoja yao kwamba kitu kilichopita kwenye mashine kimepoteza utu inagonga mwamba mahali pa karibu sana: kwenye kanga. Kanga ni nguo ya kiwandani tangu ilipoenea pwani mwishoni mwa karne ya 19. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887 na inayojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ilijijengea jina kwa kanga zilizochapwa kwa mitambo, na kwa miaka mingi kanga za Afrika Mashariki zilichapwa Ulaya, India na Japani. Hakuna bibi wa Singida anayesema kanga si ya kwetu kwa sababu ilichapwa na mtambo. Tunaiita yetu kwa sababu mtu wa huku aliamua pindo liwe vipi, mji, yaani sehemu ya katikati, ukae na nini, na jina, yaani maneno yake, lisomeke wapi. Utu wa kanga umo katika mpango wake. Kwa kipimo hichohicho, shuka la kompyuta laweza kuwa kazi ya mtu au lisiwe. Inategemea kama kuna mtu aliyelipanga. Na kazi ya mkono pia haiponi kwenye kipimo hicho: kutarizi kwa uaminifu mchoro ulionakiliwa kutoka kitabu cha maua ya Ulaya ni subira kubwa, lakini ubunifu wake si mkubwa.

Nitaambiwa kwamba haya yanapita. Programu za sasa zina kitufe cha kugeuza picha kuwa mishono bila mtu, na akili mnemba inachora ua kabla hujamaliza kuliomba. Ni kweli, na kwa kazi nyepesi inatosha. Lakini picha si shuka. Kifaa kinachopokea picha hakijaambiwa kitambaa ni kipi, godoro ni la ukubwa gani, wala kwamba sare hii itafuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani siku nyingi za wiki. Mwenye kuyajua hayo akiyaeleza vizuri, kifaa kitamsaidia sana. Asiyeyajua atapata makosa yake haraka zaidi. Kadiri kuchora kunavyorahisishwa, ndivyo tofauti kati ya fundi na fundi inavyohamia kwenye kupanga, na huko ndiko imani kwamba mashine inadarizi inakokataza watu wasiangalie.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi: mteja wa Singida anatafuta bei nafuu, kupanga ni anasa. Hapa ndipo imani inapokula watu. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto wengi zaidi wameingia shuleni, na kila mtoto ni sare. Soko la nembo, majoho ya mahafali na nguo za kwaya lipo. Lakini kama mafundi wanaopakana wana mashine za aina moja na flashi yenye maua yaleyale, hakuna aliye na kitu ambacho mwenzake hana, na kilichobaki ni kushushana bei hadi uzi usirudishe gharama yake. Fundi anayepanga ana kitu cha kuuza. Anaweza kutoa mistari na pembe za vikapu na nyungo za Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo huwezi kuzikuta kwenye flashi iliyotoka ng'ambo. Anaweza kuchora alizeti inayofanana na ile inayosimama mashambani Iramba, kichwa kizito kimeinama kwa mbegu, badala ya lile ua jembamba la kwenye kadi za salamu. Wala gharama ya kujifunza si kisingizio: ipo programu ya bure ya kutengeneza mishono, Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya programu nyingine ya bure ya kuchora, Inkscape. Kinachotakiwa ni kompyuta ya kawaida, muda, na mwalimu.

Na mwalimu hatafutwi kwa kitu ambacho watu wanaamini hakifundishwi. Ndivyo ilivyo kwenye mikopo ya vikundi: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoamini kwamba mashine inadarizi yenyewe kitaomba fedha ya mashine, kitapewa mashine, na kitakuwa na deni la mashine. Hakitaomba hata shilingi ya kumsomesha mwanachama mmoja kupanga mchoro, kwa sababu katika akili yake kazi hiyo haipo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, ya mafunzo ya ufundi stadi, zote zina mahali pa kuanzia mkoani hapa. Lakini kozi ya kutumia mashine bila kozi ya kuchora, kupima na kupanga inatoa wabonyezaji, nao wabonyezaji kweli kompyuta itawaondoa.

Kwa hiyo maofisa wa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi ya vikundi vya kudarizi Singida waongeze swali moja kwenye fomu: katika kikundi chenu, ni nani anayepanga mchoro, na alijifunzia wapi? Jibu likiwa kompyuta, fedha isubiri.