Majoka ya Kisumu Si ya Saruji

Sisi watu wa pwani tumelelewa na majoka. Kabla hatujajua kusoma alifu kwa ujiti, nyanya zetu walikwisha kutusimulia lile joka la vichwa saba ambalo paa wa Sultani Darai alilikata kichwa baada ya kichwa, kisha akamtwalia bwana wake nyumba na mali. Kisa hicho Steere, aliyekuja kuwa askofu, alikichukua Unguja na kukipiga chapa London mwaka 1870, lakini vibarazani kilikuwa kikitembea zamani. Tulipoingia chuoni tukakutana na fimbo ya Nabii Musa, alayhi salaam, na maalimu akatuzindua kwamba Qur'ani imeitaja kwa maneno matatu, kila moja mahali pake: hayya, jaani na thu'bani, na kwamba hilo la mwisho ndilo joka hasa, joka lisilo shaka. Basi mtu aliyekuzwa hivyo akiambiwa kuna joka mahali fulani, hapiti hivi hivi.

Juzi nilikuwa Kisumu, mgeni wa rafiki yangu wa mtaa wa Kaloleni. Jumapili tukamchukua mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, tukaenda naye katika mojawapo ya hoteli za kando ya ziwa ambazo siku hizi zimefanya viwanja vya michezo kwa watoto, na mabembea, na vidimbwi vya kuogelea, na muziki wa kuvunja masikio. Katikati ya kiwanja limesimamishwa joka la saruji, limepakwa rangi ya kijani, lina mabawa na ulimi mwekundu, na mgongoni limefanywa utelezi. Mabawa, msomaji! Hilo ni joka la Wazungu, lile la vitabu vya picha, lichomalo miji kwa moto wa kinywani. Hata la Kichina si hilo, kwani la Kichina kwa kawaida halina mabawa na ni joka la heri na mvua.

Mtoto aliteleza mara mbili, akachoka. Akaenda ukutani, pale bustani inapokutana na mafunjo ya ziwa, na mara tukasikia anaita: "Babu, joka lenyewe liko huku!" Tukaenda mbio. Alikuwa kenge maji, mkubwa kama mkono wa mtu mzima pamoja na mkia wake, amejianika juu ya jiwe, ulimi wa panda mbili unaingia na kutoka. Mtoto alikuwa amesimama kama aliyeshikwa na pepo. Hatukupata kumtazama sana. Askari wa hoteli alikuja na jiwe mkononi, akalitupa kwa nguvu zake zote, na kenge akatumbukia mafunjoni. "Tunawafukuza," akatuambia, "wanatisha wageni."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Mwenye mahali ametoa fedha kujenga joka la kuvutia wageni, na hapo hapo anamlipa mtu mshahara kulifukuza joka. Kenge yule, kama angemwachia, angempunguzia konokono na panya, na pengine mayai ya mamba. Na watoto wangelipa kumwona kama wanavyolipa kuteleza.

Na Kisumu si mji wa kuazima majoka. Ng'ambo ya nchi tambarare ya Kano, huko Nyakach, kuna kijiji kiitwacho Wasare, na jina la Omieri halina mtu asiyelijua pande zile. Omieri alikuwa chatu jike. Wazee wa Nyakach walimpokea kama mgeni wa heri: akionekana, husema, mvua haiko mbali na mavuno yatakuwa mema. Mwaka 1987 moto wa pori ulimkuta, ukamwunguza vibaya. Akachukuliwa hadi Nairobi kutibiwa na watu wa Makumbusho ya Taifa, na huko Nairobi akafa mwaka ule ule. Nchi nzima ilizungumza habari za nyoka mmoja, na kule kwao walikuwako waliolia kana kwamba amefiwa mtu. Kisha mwaka 2003 akatokea chatu jike mwingine hapo hapo Wasare, akajikunja juu ya mayai yake. Watu wakamiminika kumtazama, na wengi wakashikilia kwamba huyo ndiye Omieri amerudi. Hoja ya mwaka 1987 nayo ikafufuka: ahamishwe au aachwe?

Nasema kuna la kutazamwa hapo hata kwa asiyeamini chochote. Chatu hana sumu. Akisha kutaga huyazungukia mayai yake, naye hutaga makumi kwa mara moja, akayalinda miezi miwili au zaidi bila kula, mpaka yaanguliwe. Nyoka wengi hawana huruma hiyo. Hutaga wakaenda zao. Ikiwa mwanakijiji aliona ulezi huo akausimamisha mahali pa heshima, mimi simcheki.

Najua wako watakaoniandikia: "Maalimu, umeanza kutupigia debe la nyoka wa kuabudiwa?" Hasha. Mvua huteremshwa na Mwenyezi Mungu, wala chatu hana tone moja katika hiyo. Lakini kuheshimu si kuabudu, na kumwacha kiumbe akae si kumsujudia. Katika Sahihi ya Muslim imo habari ya kijana wa Kiansari, ndiyo kwanza ameoa, aliyerudi kwake wakati wa vita vya Handaki akamkuta nyoka amejikunja juu ya tandiko. Akamchoma kwa mkuki, na haikujulikana nani alitangulia kufa, nyoka au kijana. Ndipo Mtume, swalla-llahu alayhi wasallam, akaamuru nyoka wa majumbani waonywe siku tatu kabla ya kuuawa. Maulamaa wamehitilafiana kama amri hiyo ni ya Madina peke yake au ya kila mji, na ruhusa ya kumwua nyoka mwenye kudhuru ipo, haina ubishi. Ninalolitwaa mimi ni zile siku tatu. Yule wa hotelini hakupewa hata dakika tatu, naye si nyoka wala hakumdhuru mtu.

Na tukiwa katika kusemana, sisi wa pwani tusijifanye malaika. Mapango mangapi kwetu yana vitambaa vyekundu na chetezo za ubani hadi leo? Wajaluo wa Nyakach wasiwe ndio peke yao wa kuhubiriwa.

Ziwa lenyewe nalo lina joka lake. Waganda tangu zamani wana habari za Lukwata, kiumbe kikubwa cha majini, na Sir Harry Johnston alikitaja katika kitabu chake cha mwaka 1902 juu ya Uganda. Hobley naye aliandika mwaka 1913 kwamba Sir Clement Hill, bwana mkubwa wa ofisi ya mambo ya nje ya Uingereza, alisema amekiona karibu na mlima wa Homa, kinataka kumnyakua mtu gubetini. Huyu Hill ndiye aliyepewa jina la meli mojawapo ya kwanza za Kisumu. Sisemi Lukwata yuko. Nasema mtu anayetaka kuwafurahisha watoto Kisumu kwa hadithi ya joka ana mahali pa kuanzia pasipo Ulaya, tena mlima wa kisa anaweza kwenda kuutazama kutoka Kendu Bay.

Haya yote si ndoto, maana kazi kama hiyo ilikwisha kuanzwa na watu wengine. Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980, yana nyoka wake hai na samaki wa ziwani, na boma la Kijaluo lililojengwa kama la zamani. Hifadhi ya swala pale ukingoni mwa maji imebaki ndani ya mji. Dunga, mwendo mfupi tu, vijana wa ufukweni walijenga njia ya mbao juu ya kinamasi ili mgeni aingie katikati ya mafunjo na kutazama ndege bila kukanyaga matope. Mafunjo hayo hayo ndiyo wanawake wasukiayo mikeka na makapu, ndiyo samaki wazaliamo, na ndiyo kenge wajifichamo. Yakifyekwa ili hoteli ipate mandhari ya maji, vyote vitatu huondoka pamoja. Mimi ningependa kuona halmashauri inayotoa kibali cha kujenga ufuoni ikimwuliza mjenzi swali hilo moja: mafunjo yatabaki kiasi gani?

Lile la saruji lisivunjwe. Watoto wanalipenda, na mwenyewe amekwisha kugharimika. Lakini na apate ubao mmoja pale ukutani, umwambie mtoto kwa Kiswahili na Kijaluo kwamba huyu ni kenge maji, anakula nini, anataga wapi, na asipigwe mawe. Na akitaka kulipa joka lake jina la Omieri, kama nilivyomsikia mmoja hapo akipendekeza, asilichukue bure kama linalookotwa barabarani. Aende Wasare kwanza, aketi na wazee, awaulize, na wakikubali wakubaliane naye sehemu ya kiingilio itakayorudi kijijini kila mwezi.