Nani Atamfunza Mwalimu wa Biolojia?

Ukipita mtaani kwetu Kaloleni, mjini Kisumu, saa kumi na moja za jioni, huenda ukamkuta binti mmoja ameketi chini ya mwembe pamoja na vijana sita au saba wa kidato cha tatu na cha nne. Mbele yao pana karai la maji, na karaini mna ngege wawili walionunuliwa asubuhi katika soko la Kibuye. Binti huinua kifuniko cha matamvua kwa ncha ya kisu cha jikoni, akawaonyesha vijana zile nyuzi nyekundu zilizopangana kama meno ya chanuo, kisha akawauliza kwa nini samaki hufa akitolewa majini ilhali hewani oksijeni ni tele. Kimya kingi hufuata. Yeye husubiri. Hawapi jibu, na hilo ndilo lililonifanya nimpende.

Binti huyu ana shahada ya elimu ya sayansi, somo lake la kwanza likiwa biolojia na la pili kemia. Alihitimu miaka mitano iliyopita. Amewahi kufundisha kwa malipo ya halmashauri ya shule, amewahi kuwa mwanagenzi, na sasa anasubiri. Baadhi ya wazazi humlipa shilingi chache kwa kila kipindi, wengine humlipa kwa gorogoro la omena. Samaki wa masomo, nadhani, huishia chunguni.

Ndugu msomaji, mjadala wetu kuhusu walimu wa sayansi aghalabu huanza na kuishia kwenye hesabu: wangapi wanahitajika, wangapi wameajiriwa, wangapi wanarandaranda na vyeti mkononi. Hesabu hizo ni za haki na zina uchungu wake. Hata hivyo kuna swali moja ambalo halipati nafasi, nalo ni jinsi mwalimu wa biolojia anavyofunzwa kazi yake kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu.

Nami nina deni katika jambo hili. Mwaka 1990, nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipelekwa katika shule moja ya upili ya wasichana isiyo mbali sana na ziwa hili. Nilipewa kidato cha nne, na mada ilikuwa urithi. Nilikuwa nimeandaa somo langu kwa bidii zote: ubao uligawanywa sehemu tatu, chaki za rangi zilikuwa tayari, na mkaguzi wangu wa chuo alikuwa ameketi nyuma na kalamu yake. Nikafika kwenye ugonjwa wa selimundu. Nikaeleza kwamba baba na mama wanaobeba jeni moja moja, wao wenyewe wakiwa wazima, wanaweza kumzaa mtoto mwenye jeni mbili. Kisha nikasoma sentensi niliyokuwa nimeinakili chuoni, kwamba watoto wa namna hiyo kwa kawaida hufariki kabla ya kufikia utu uzima.

Msichana mmoja wa safu ya tatu alifunga daftari lake. Hakulia, wala hakutoka. Alilifunga tu, akaweka mikono miwili juu yake. Mkaguzi alinipa alama nzuri sana siku ile. Jioni, matroni wa bweni ndiye aliyeniambia kwamba yule msichana alikuwa mgonjwa wa selimundu, kwamba alikwisha kulazwa mara mbili muhula ule, na kwamba darasa zima lilijua isipokuwa mimi.

Kosa lilikuwa langu, na sitaki kumtwika mtu mwingine. Lakini nimejiuliza kwa miaka mingi: katika mihadhara yote niliyoketi, ile ya saikolojia ya elimu, ya falsafa ya elimu, ya jenetiki yenyewe, ni nani aliyewahi kunieleza kwamba katika ukanda huu wa ziwa mada hii haifundishwi kama habari ya watu wa mbali? Hakuna.

Ajabu ni kwamba mada hii ni yetu kabisa. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyeitwa Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Akaona kwamba wabebaji wa jeni ya selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu, kusiko na malaria, ni nadra kupatikana. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mwenye jeni moja ya namna hiyo hupata kinga dhidi ya malaria, na kwamba ndiyo sababu jeni hiyo haikutoweka licha ya kuua. Leo mfano huo umo katika vitabu vya biolojia vya dunia nzima. Mwanafunzi wa Chicago huusoma kama habari ya watu wa mbali. Mwanafunzi wa Kisumu huenda akausoma vivyo hivyo, ilhali ndugu yake wa tumbo moja yuko nyumbani akikandwa miguu kwa maji ya moto.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya mafunzo yetu. Mwalimu mtarajiwa hupewa biolojia upande mmoja na ualimu upande mwingine, kama abiria wawili wa basi moja wasiosemezana. Kazi ya kuwapatanisha huachiwa muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha, ambapo mkaguzi huja mara chache, huketi nyuma, hujaza fomu na kuondoka kuwahi shule nyingine kabla ya mvua.

Zamani palikuwapo na vyuo ambavyo kazi yake ilikuwa hiyo tu. Hapa jirani tulikuwa na Chuo cha Ualimu cha Siriba. Mwaka 1990, mwaka ule ule wa aibu yangu, kiliunganishwa na taasisi ya serikali iliyokuwa hapo Maseno kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na leo ni Chuo Kikuu cha Maseno. Kisii nako chuo cha walimu kiliishia kuwa chuo kikuu. Jijini Nairobi, chuo cha walimu wa sayansi kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Uswidi kilitiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2007. Sina ugomvi na vyuo vikuu. Watoto wetu walihitaji nafasi. Lakini nilifanya kazi na walimu wa stashahada waliotoka katika chuo kile cha Nairobi, na nilijifunza kwao zaidi ya nilivyojifunza kwa maprofesa. Walijua kuipima pumzi ya mmea kwa chupa ya soda na mrija wa kalamu. Walijua kukigeuza kibiriti, mshumaa na jani la mhogo kuwa maabara. Shule isiyo na hadubini haikuwatisha.

Mwaka 1998 serikali ilisimamisha ule utaratibu wa kumwajiri moja kwa moja kila mwalimu aliyehitimu. Mwaka uo huo, kwa ushirikiano na Japani, ukaanza mradi wa SMASSE wa kuwanoa upya walimu wa hisabati na sayansi waliokuwa tayari kazini. Yaani tuliwafungia mlango waliokuwa nje, huku tukikiri kwamba waliokuwa ndani hawakufunzwa vya kutosha. Mradi wenyewe ulikuwa na manufaa. Nilihudhuria, na chai ilikuwa nzuri. Ila kumfunza mtu baada ya miaka kumi ya kukosea si sawa na kumfunza kabla hajakosea.

Mwaka 2020 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitoa pendekezo kwamba shahada ya elimu iondolewe, ili anayetaka kufundisha asomee kwanza somo lake hadi shahada, kisha asomee ualimu baadaye. Vyuo vikuu vilipiga kelele. Nakiri kwamba hoja ya Tume ina uzito: anayegawa miaka minne kati ya masomo mawili na kozi za elimu hawezi kuyazamia yote. Lakini mzazi wa Kaloleni aliyeuza shamba la Seme ili kulipa karo ya miaka minne, tumwambie aongeze mwaka wa tano, na baada ya hapo mwanawe akae chini ya mwembe? Isitoshe, kilichonikosesha mwaka 1990 hakikuwa uchache wa jenetiki. Jenetiki niliijua. Msichana wa safu ya tatu ndiye sikumjua, wala sikujua kwamba ilinipasa kumjua.

Dawa ninayoiona mimi ni mwaka mmoja kamili shuleni, ndani ya mafunzo yenyewe, chini ya mwalimu mzoefu ambaye amepunguziwa vipindi ili apate wasaa wa kumlea mwenziwe. Mtu atasema kwamba mwaka huo tunao tayari, unaitwa uanagenzi. La hasha! Mwaka 2023 maelfu ya walimu waliosajiliwa waliajiriwa kama wanagenzi katika shule za sekondari ya chini, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walipewa vipindi vingi kama mwalimu yeyote. Binti wa jirani yangu alikabidhiwa sayansi, hisabati, kilimo na hata michezo, na katika shule nzima hapakuwa na mwalimu mwingine wa sayansi wa kumwelekeza. Mnamo Aprili 2024 mahakama ya masuala ya ajira iliamua kwamba Tume haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu waliohitimu kwa mtindo huo. Jaji alitazama sheria. Mimi natazama neno lenyewe: mwanagenzi ni mtu aliye na fundi wa kumfunza. Fundi alikuwa wapi?

Haya hayawezi kungoja. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia shule za upili, na biolojia sasa ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi, huku kidato cha tatu na cha nne wakiendelea na mtaala wa zamani utakaomalizika kwa mtihani wa 2027. Mwalimu mmoja anatakiwa kuimudu mitaala miwili kwa wakati mmoja. Mtaala mpya unadai mwanafunzi atende, achunguze, aulize. Kwa upande huu wa ziwa vifaa havikosekani: pana gugumaji lililotufungia gati katika miaka ya 1990, pana mbuta aliyeletwa kutoka kwingine akawamaliza fulu, pana konokono wa kichocho kwenye vidimbwi vya Dunga. Anayekosekana ni mwalimu aliyefunzwa kuvigeuza kuwa somo.

Juzi yule binti alinijia barazani. Ameitwa na shule moja kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi, na mada inayomngoja kidato cha nne ni urithi. "Mwalimu," akaniuliza, "selimundu niianzeje?" Nikamwambia kwanza aende kwa matroni, aulize ni nani hulazwa mara kwa mara. Kisha nikamweleza habari za yule msichana, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu kwa zaidi ya miaka thelathini. Akanyamaza kitambo, halafu akauliza kama msichana huyo aliendelea kuishi.

Alimaliza kidato cha nne. Baada ya hapo sikumfuatilia.