Badili Miguu Kabla ya Magurudumu

Mjukuu wangu ana baiskeli ya mashindano aliyoinunua mtumbani, ya daraja la chini kabisa katika jamii yake. Hajatimiza miezi minne tangu aanze kuiendesha. Juzi alikuja kwangu hapa Njombe, akaniamkia, akakaa, kisha akasema, "Babu, nataka kuuza viazi vyangu vyote ninunue magurudumu ya kaboni. Haya ya sasa ni mazito." Viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa vimnunulie mbolea ya msimu ujao.

Nilimwambia hapana. Na kwa kuwa hayuko peke yake katika ugonjwa huu, naona heri niliandike jibu langu.

Tuanze na hesabu, somo nililolifundisha miaka mingi. Kijana ana kilo 70, baiskeli kilo 10, jumla 80. Tuseme magurudumu mapya yanapunguza nusu kilo. Nusu kilo katika 80 haifikii hata sehemu moja ya mia. Kwenye mlima wa kupanda kwa saa nzima, ataokoa sekunde kama 22. Chupa ya maji anayoibeba ni nzito kuliko nusu kilo hiyo! Lakini akipanda milima yetu kwa mwaka mmjoa bila kukoma, ataokoa dakika, wala si sekunde, na mbolea yake itakuwa shambani.

Tambarare nako adui ni upepo, na upepo wa Makambako hauhitaji kutambulishwa. Kinachogongana zaidi na upepo ule ni mwili wa mwendeshaji mwenyewe. Kukunja viwiko na kuinamisha kifua hakuna bei.

Mjukuu wangu alinijibu kwa habari za Kigali. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, mara ya kwanza katika bara letu, naye aliyafuatilia kwenye simu. "Babu, uliona zile baiskeli?" Niliziona. Nami nikamwuliza: mbio zile kubwa za wanaume, ni wangapi waliozimaliza? Walio wengi waliachia njiani, nao walipanda baiskeli za bei mbaya kama za wenzao waliofika. Vilima vya Kigali havikuuliza bei. Wale huwania sekunde kwa sababu miguu yao imekwisha kufika mwisho wa uwezo wake. Wewe miguu yako hata haijaanza.

Nikamkumbusha pia David Kinjah wa Kenya, aliyewalea vijana wengi katika mchezo huu. Mmoja wao, Chris Froome, alianza naye akiwa kijana mdogo juu ya baiskeli ya milimani, akaja kushinda Tour de France mara 4, mara ya kwanza mwaka 2013. Shule yake ya kwanza ilikuwa milima ya Kenya.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema upesi, kwa aibu. Mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa na Phoenix. Niliweka akiba ya miezi kadhaa nikaifunga dainamo, vioo viwili na mapambo ya kila rangi. Kila nilikopita watu waligeuka. Raba za breki zilikuwa zimekwisha, nikasema zitangoja mshahara mwingine. Hazikungoja. Kwenye mteremko wa kuelekea Makambako, enzi hizo barabara ikiwa ya vumbi, baiskeli ilinishinda nikaishia mtaroni na mfupa wa bega umevunjika. Wiki sita darasa la saba lilikaa bila mwalimu wa hesabu, na mtihani wao ulikuwa mlangoni. Vioo vilipona. Wale watoto sikuwalipa hadi leo.

Kwa hiyo nilipoikagua baiskeli ya mjukuu wangu sikutazama magurudumu. Nilibana breki: raba zimebaki unyayo tu. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni. Kiti kilikuwa chini mno, magoti yakimpanda kama panzi. Mnyororo ulikuwa mkavu. Na kijana huyu ananiambia habari za kaboni!

Sisemi kwamba baiskeli ya kuanzia isiguswe abadani. Tairi zuri, raba za breki, waya mpya, mafuta ya mnyororo, kiti cha kimo chake: hayo anunue hata kesho, maana hayo ndiyo humrudisha mtu nyumbani. Na kama mlima unamshinda kwa sababu gia yake nyepesi bado ni nzito, fundi amfungie ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Hilo ni hitaji, nalo limejulikana kwa kupanda. Mengine yote, mwanafunzi anajibu swali ambalo hajaulizwa.

Tumekubaliana hivi. Ameuza debe chache, akabadili tairi na breki; viazi vingine viko ghalani vikisubiri mbolea. Ataendesha kwenda Makambako na kurudi, kilomita kama 120, kila Jumamosi isiyo na mvua, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha na bado akayataka magurudumu yale, aje. Nitachangia gunia langu mimi mwenyewe, wala sitamwuliza swali la pili.