Chai tunayo, pa kuinywea hatuna

Testi zimekwisha, bumu limekata, na baridi ya Iringa ndiyo kama mnavyoijua... Leo naomba nizungumzie chai. Siyo ile "chai" anayoomba mtu ofisini ili faili lako litembee, wala siyo "chai" ya mshkaji anayekudanganya kwamba ana mjomba Ulaya. Nazungumzia chai yenyewe, ya majani.

Hoja yangu ni hii: sisi wa Nyanda za Juu Kusini ndio tunaotoa sehemu kubwa ya chai ya Tanzania, lakini hatuna mahali pa kukaa na kikombe cha chai tukaongea. Na wasio na mahali kabisa ni sisi mabinti.

Mimi kwetu ni Rungwe. Wajerumani waliijaribu chai pale Kyimbila mwanzoni mwa karne ya 20, wakati huo huo walipokuwa wakiijaribu Amani kule Tanga. Waingereza wakaja kuifanya zao la biashara kuanzia miaka ya 1920, Rungwe na Mufindi. Baada ya uhuru wakulima wadogo nao wakaingia, mama yangu akiwa mmoja wao. Anachuma majani mawili na chipukizi, anapeleka kwenye mizani, gari la kiwanda linachukua. Kwa miaka mingi chai yetu ya nje iliuzwa mnadani Mombasa, na Novemba 2023 ukaanza mnada wa Dar es Salaam. Kwa hiyo nimekua nikiiona chai kama kitu cha kupima kilo. Kuikalia hatukuijua.

Sasa tuwaangalie Wachina. Watu wa Mbeya na Makambako tunawajua kwa TAZARA waliyotujengea kati ya 1970 na 1975. Lakini hata hili neno letu "chai" asili yake ni kwao, likapitia Uajemi mpaka likatufikia. Na wao mbali na kuinywa waliijengea nyumba. Karne ya 8, enzi za ukoo wa Tang, Lu Yu aliandika kitabu kizima kuhusu chai. Enzi za ukoo wa Song (960 hadi 1279) miji ya Kaifeng na Hangzhou ilikuwa na nyumba za chai tele. Baadaye jina likaenda kwa Chengdu, mkoa wa Sichuan, ambako mtu anakaa kwenye kiti cha mianzi kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuna anayemuuliza lolote.

Hivi jamani, wanawezaje? Mimi nadhani siri iko kwenye majani. Kule mteja analetewa kikombe chenye mfuniko na kisahani, ndani kuna majani mazima. Analipia majani tu. Maji ya moto anaongezewa bure, mara ya pili, ya tatu, ya nne, na chai inaendelea kutoa ladha. Akitaka maji anaufunua mfuniko tu, mhudumu anaelewa. Chai ya viwanda vyetu nyingi ni ile iliyosagwa punje punje. Inakolea haraka, inafaa maziwa na sukari, unaimwaga yote kwenye sufuria na kazi imekwisha. Kikombe kikiisha kimeisha... lipa, inuka, mwenzio akae.

Na kwa kuwa watu walikaa muda mrefu, mambo yakafanyika humo. Wafanyabiashara walipatana bei. Wasimulizi wa hadithi walipata wasikilizaji. Kinyozi alipita, hata msafisha masikio alipita. Kule Sichuan watu wenye ugomvi walikutana kwenye nyumba ya chai mbele ya mzee anayeheshimika, kila upande ukaeleza yake mbele ya umma, na aliyeonekana ana kosa akalipia chai ya wote. Ni baraza la usuluhishi lisilo na karani!

Msinielewe vibaya, nako hakukuwa peponi. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba nyingi za Chengdu hazikupokea wanawake. Wenye nyumba walibandika matangazo ya kuwakataza wateja kuzungumzia mambo ya serikali, kwa kuogopa matatizo. Mwandishi Lao She aliandika tamthiliya kuhusu nyumba moja ya chai ya Beijing mwaka 1957, inayofuata maisha ya humo kuanzia 1898 hadi miaka ya 1940, na mambo yanavyozidi kuwa magumu. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia 1966, nyumba nyingi zilifungwa. Zimerudi, na 2022 UNESCO iliutambua utamaduni wa chai wa China kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa hiyo mahali pa kukaa na kuongea panaweza kufungwa, na panaweza kurudi watu wakipataka.

Turudi kwetu. Pwani wana kahawa na mabaraza. Zanzibar wana Jaws Corner, unapata kahawa, bao na siasa kwa pamoja. Hata neno "mgahawa" limetokana na kahawa! Huku Iringa mahali pa wazee pa kukaa ni kilabu cha ulanzi. Vijana wa kiume wana vijiwe, pale kwa fundi viatu au bodaboda. Mimi binti nikakae wapi? Nikienda kilabuni nimeshaitwa jina. Nikikaa kijiweni, jina lingine. Kwenye mgahawa mmoja mjini tulikaa wasichana watatu tukijadili semina, vikombe vilipoisha tu tukaambiwa "dada zangu, meza inahitajika." Simlaumu sana, naye anatafuta riziki. Lakini angalieni mzunguko huu: mama anachuma chai, mama lishe anaipika, dada anaimimina, halafu wote watatu wamesimama.

Halafu tuna ugonjwa wa kuamini kwamba anayekaa ni mzururaji. Wazazi wetu waliona mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakakamatwa mijini. Hofu ile naona ingalipo. Ukikutwa umekaa unaongea, utaulizwa "huna kazi?"

Sasa nisikilizeni walimu wenzangu watarajiwa. Nyumba moja ya chai tunayo, ila hatujaipa jina. Ni ofisi ya walimu saa nne asubuhi. Nilipokwenda TP niliona: chupa ya chai inawekwa mezani, andazi moja moja, na kwa dakika 20 mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu, mama wa Kiswahili na sisi wa TP tumekaa meza moja. Hapo ndipo nilipoelekezwa namna ya kushika darasa la watoto 90 bila kiboko. Hapo ndipo walimu wawili walionuniana wiki nzima walipopatanishwa. Wanaume na wanawake, na hakuna aliyeshangaa. Na chuoni, ambako ndiko tunakoandaliwa kuwa walimu hao, tunakunywa chai wima tukikimbilia lekcha, tunadesa kila mtu chumbani kwake, halafu tunashangaa kwa nini kwenye semina wanaoongea ni wale wale wanne.

Pendekezo langu halihitaji mfadhili. Mama lishe wetu meza zao zinakuwa tupu kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Serikali ya wanafunzi ikae nao wakubaliane: muda huo chai ya rangi yenye tangawizi, ukinunua kikombe kimoja unakaa hata saa nzima, na maji ya moto unaongezewa. Yeye anauza chai na maandazi saa ambazo haziuzi kitu, sisi tunapata pa kukaa. Masharti yawe mawili tu: muziki usipige kelele, na binti akikaa asiulizwe anamsubiri nani.

Mtasema huo ni umbea mtupu. Sawa, umbea utakuwepo. Lakini hata hoja huwa inaanza hivyo hivyo, mtu anasema kitu cha ovyo, mwenzake anambishia, wa tatu anakumbuka alichosoma. Kinachotakiwa ni wakae muda wa kutosha mpaka ifike kwa huyo wa tatu.

Naomba kuwasilisha. Mnasemaje wadau?