Endasak ipewe juma lake la sinema

UKINGO WA BONDE
Na Theofili Margwe

Anayetoka Babati kwenda Katesh hupita Endasak bila kuona jengo la sinema, kwa sababu halipo. Kilichopo ni kile kilichoenea katika miji midogo yote ya barabara hii: kibanda umiza. Chumba cha mabati, mabenchi, televisheni iliyoinuliwa ukutani, spika kubwa kuliko mahitaji ya chumba, na ubao wa nje unaotangaza mechi kwa chaki. Simba na Yanga zikikutana watu hubanana hadi mlangoni. Filamu hupewa saa zinazobaki, mara nyingi mchana, wakati wenye kazi wako shambani au sokoni.

Nataka Halmashauri ya Wilaya ya Hanang itenge juma moja kila mwaka, baada ya mavuno, la filamu na maonyesho ya jukwaani hapa Endasak. Katesh ina ofisi zake za wilaya na Babati ina za mkoa. Juma hili liwe la mji mdogo, na lifanyike kwenye uwanja wa wazi.

Tena nasisitiza filamu na jukwaa viende pamoja, maana katika nchi hii picha haikuzoea kusimama peke yake. Majaribio ya filamu za mafunzo yalipofanywa kule Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, filamu hizo zilizungushwa vijijini kwa gari. Magari ya sinema yaliyofuata yalikuwa na mtu wa kipaza sauti, aliyewaeleza watu kwa lugha yao kinachoendelea kwenye pazia. Rashidi Kawawa alipitia kazi hiyo ya filamu kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu, na wazee wengi walimjua kwa sura kabla ya kumjua kwa siasa.

Zama za kanda za video zilipofika, yule mtu wa kipaza sauti alirudi kwa sura nyingine. Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimwita Lufufu, alichukua filamu za Hong Kong, Marekani na Nigeria akazisimulia upya kwa Kiswahili. Alipoisimulia Karishika ya Wanigeria hakutafsiri maneno tu. Alifafanua, alionya, alitabiri, akaongeza ya kwake. Mtazamaji wa mji mdogo ambaye hakupata nafasi ya kujifunza Kiingereza alipata filamu nzima, na juu yake akapata msimulizi hodari. Wasimulizi kama yeye wapo hadi leo. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Kule Wakaliga, mtaa maskini wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, na sauti ya msimulizi VJ Emmie iliyowekwa juu ya filamu hiyo ni sehemu ya kilichoifanya ipendwe duniani. Wajapani, enzi za sinema bubu, waliwaita wasimulizi wa namna hiyo benshi, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji wenyewe.

Kwa hiyo kijana anayesimulia filamu kibandani ni msanii, mwenye kazi ambayo mataifa mengine yameiandikia vitabu. Sisi tunamhesabu kuwa mpiga kelele.

Hata hivyo siwezi kumtetea kwa kila kitu. Filamu nyingi zinazosimuliwa hivyo huchukuliwa bila idhini ya wenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inawalinda wenye kazi hao kama sheria nyingine zinavyomlinda mkulima dhidi ya anayemvunia mbaazi usiku. Juma la Endasak lisianze kwa wizi. Zipo filamu zetu ambazo wenyewe wanaweza kuombwa na kulipwa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, ingewafaa sana wanafunzi wa sekondari wanaoisoma riwaya hiyo bila kuuona mtaa wa Zanzibar unaosimuliwa. Arusi ya Mariamu ya 1985 ni fupi, na inazungumzia maradhi, hofu na mganga wa jadi. Hayo ni mambo ambayo watu wa Hanang wanayazungumza nyumbani kwao.

Sasa msimulizi wa Endasak atasimulia kwa lugha gani? Hapa ndipo mahali petu panapozidi miji mingi. Wairaqw wanazungumza lugha ya Kikushi, Wadatooga lugha ya Kiniloti, na kutoka upande wa Singida wanakuja Wanyaturu na Wanyiramba na lugha zao za Kibantu. Wote hukutana mnadani na kuelewana kwa Kiswahili. Kiswahili kibaki lugha ya juma zima, lakini jioni moja filamu isimuliwe kwa Kiiraqw na nyingine kwa Kidatooga. Bibi aliyezaliwa Nangwa, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi, amekaa miaka yote nje ya mlango wa sinema. Siku hiyo ataingia.

Nimemtaja bibi makusudi. Kibanda umiza ni mahali pa wanaume na vijana wa kiume. Mama mwenye mtoto mgongoni haingii humo, na binti akiingia anasemwa mtaa mzima. Sinema za zamani mijini zililiona tatizo hili mapema. Zanzibar ziliweka maonyesho ya wanawake peke yao, nao wakajaza ukumbi. Kina mama wa Unguja wa miaka ya 1950 walikuwa na nafasi ya kuangalia filamu ambayo binti wa Endasak wa leo hana. Hili linaniuma kuliko suala la jengo. Uwanja wa wazi, wenye taa, vyoo na viti vya mbele vya wazee, na maonyesho ya jukwaani yanayoanza saa kumi jioni, kisha filamu mara giza linapoingia, ili kina mama wawahi kurudi nyumbani, utaondoa sehemu kubwa ya kizuizi hicho kwa gharama ndogo.

Jukwaani tuna vingi. Kwaya za Wakatoliki na za Walutheri katika eneo hili zina waimbaji waliofundishwa, magitaa, sare, na mazoezi ya kila juma. Shule zina ngonjera na maigizo. Vijana wa Kidatooga wana ngoma zao za kuruka, ambazo hazihitaji spika. Wairaqw wana slufay, dua ndefu ambayo mzee huiongoza na waliokaa huitikia. Ukiisikia unatambua kwamba msimulizi wa filamu na watazamaji wake wanaojibizana naye hawakuanzisha jambo geni hapa. Ila slufay ni baraka, wala si burudani. Wazee waombwe kwanza, na wakikubali iwe ya kufungulia juma. Wakikataa tuliache jambo hilo kwa heshima.

Ningeomba pia jioni moja iwe ya Hanang yenyewe. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaipiga Katesh, Gendabi na vitongoji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Picha za siku ile zimebaki kwenye simu za watu, zimetawanyika, na simu zinaharibika. Zikusanywe kwa ridhaa ya familia, zisizodhalilisha marehemu zionyeshwe, na walioshuhudia wapewe nafasi ya kuzisimulia wenyewe wakiwa jukwaani. Filamu ya Hatari! ya 1962 ilipigwa nchini mwetu, ikawaonyesha walimwengu wanyama wetu na tambarare zetu, huku John Wayne akiwa katikati. Miaka zaidi ya 60 baadaye, watu wa ukanda huu wanastahili kuwa katikati ya pazia.

Kisheria hakuna kikwazo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 iliviweka viwili hivi katika kapu moja tangu mwanzo, na Bodi ya Filamu ipo kwa ajili ya vibali. Vifaa ni projekta, pazia jeupe, spika, jenereta ya akiba na maturubai. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unakopesha wasanii, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wasimulizi na wapiga picha kina haki ya kuomba kama kikundi cha bodaboda. Wenye vibanda nao washirikishwe, wasifungiwe biashara juma hilo, maana wao ndio walioishika sinema mkononi wakati kila mtu ameiacha. Zanzibar wana tamasha lao la filamu, ZIFF, tangu 1998, lenye filamu na muziki ndani ya Ngome Kongwe, na Bagamoyo wana tamasha lao la sanaa. 

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, lakini halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla ya hapo. Wenye vibanda, viongozi wa kwaya na walimu wa Endasak, kaeni pamoja, andikeni barua moja, mpeni diwani nakala, na mumpelekee afisa utamaduni wa wilaya kabla bajeti hiyo haijaandaliwa.